Mashine na Jina la Mkwe

Kazi za kompyuta ni za aina mbili, na mimi ndiye niliyezipa majina ya Kiswahili pale kazini kwetu Morogoro, kwa sababu nilichoka kuwasikia makarani wakiziita kwa Kiingereza cha kubahatisha. Ya kwanza niliiita papo kwa papo: mtu yuko dirishani, karani anabonyeza, mashine inajibu, mtu anakwenda zake. Ya pili niliiita mkupuo: unakusanya makaratasi ya siku nzima, unayaingiza kwa pamoja, halafu unakwenda kunywa chai mashine ikiendelea kuyatafuna. Kwenye kazi ya papo kwa papo una mtu mbele yako na unamwona uso. Kwenye mkupuo huna mtu, una rundo. Wakati huo niliiona tofauti hiyo kuwa ya kitaalamu tu.

Ilikuwa miaka ya soko huria, watu binafsi walipokwisha ruhusiwa kununua mazao ya wakulima. Tajiri wetu alikuwa Mhindi wa hapo hapo mjini, na baba yake alizaliwa hapo hapo pia, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wengi tuliomfanyia kazi. Familia yake iliuza vitenge na mafuta ya taa kwa miaka mingi. Soko lilipofunguka, yeye akakodi maghala yaliyokuwa yamebaki matupu, akaanza kununua ndizi, machungwa, pilipili manga na iliki kutoka Matombo, na mahindi na karanga kutoka Gairo. Sote tulimwita Bosi. Mimi alinichukua nikitoka kusomea kompyuta Dar es Salaam, akanipa chumba chenye kioo kilichotazama ukumbi wa madirisha, feni moja, na mashine kuukuu iliyokwisha kuchoka kabla sijafika.

Vitabu nilivyosomea vilisema mkupuo ufanyike usiku, watu wakiwa wamelala. Aliyeviandika hakuwahi kuishi kwenye mgao wa umeme. Usiku wetu ulikuwa giza totoro, na Bosi hakutaka jenereta iwashwe usiku, kwani alisema walinzi wanakunywa dizeli kuliko jenereta yenyewe. Basi mkupuo wa hesabu za wakulima tuliufanya mchana, kuanzia saa nane, na saa nane ndiyo malori ya Matombo yalipokuwa yakiingia. Skrini za madirishani ziliganda. Makarani walikaa wamekunja mikono, foleni ikazunguka ghala, na ndizi zikaendelea kuiva juani miguuni mwa wenye nazo. Watu walitutukana, nami sikuwalaumu.

Bosi akaamua kununua mashine mpya. Wauzaji walimtuma mtaalamu wao kutoka Dar, kijana mwenye tai ambaye hakuilegeza hata kwa joto lile la ghalani, aje apime ukubwa wa mashine inayotufaa. Alileta picha za mashine mbili. Kubwa ingeweza kubeba madirisha na mkupuo kwa wakati mmoja. Ndogo ingeweza pia, alisema, lakini tupunguze kazi za madirishani.

“Tusipoenea kwenye ndogo, tunapunguza madirisha,” Bosi alisema. “Watu waache mzigo mzanini, waje kuchukua malipo yao wiki inayofuata.”

Alisema hivyo kama mtu anayeagiza viti vihamishwe. Mimi niliweka kalamu chini, maana mmoja wa watu hao wa madirishani alikuwa mama yangu.

Mama alikuwa mkulima wa Matombo. Baba alishafariki, na nyumbani alibaki na bibi, mama yake mzazi, ambaye alikuwa hainuki kitandani. Siku za kuuza aliondoka na lori alfajiri, akimwachia jirani bibi kwa siku moja hiyo, na ilimlazimu arudi na lori lile lile jioni. Jirani alikubali kumgeuza bibi na kumpa uji, si zaidi. Kulala mjini, mama hakuweza. Kushuka mara ya pili kwa barabara ile, kwa ajili ya mzigo ule ule, hakuweza pia. Dirisha likifungwa, angebaki na walanguzi, wale waliokuwa wakipanda mpaka milangoni mwa watu na mizani yao wenyewe, wanaoweka bei huku wakitazama kando. Mama aliapa hatawauzia tena. Aliliona dirisha la kampuni kuwa mahali pekee ambapo mzigo wake uliitwa mzigo wake.

Kwa hiyo nilitaka mashine kubwa, na sioni haya kusema niliitaka kwa ajili ya mama.

Mtaalamu akaanza kupima. Alikaa ukumbini na saa yake, akatazama dirisha moja baada ya jingine. Dirisha la Gairo lilikwenda bila tatizo. Mwanamume anafika, anataja namba yake au majina yake matatu kwa sauti ya kujivuna, karani anabonyeza, risiti inatoka, na fedha anahesabiwa hapo hapo. Dirisha la Matombo halikusogea. Mtaalamu akanijia na jibu lililokwisha kuiva.

“Dada, yule karani wako wa Matombo ni mvivu.”

Nilikasirika. Karani yule alikuwa kijana wa Kisukuma, asiyejua kukaa bure hata dakika, na kosa lake kubwa lilikuwa kuimba akiwa kazini. Nikamwambia mtaalamu kwamba mgeni njoo mwenyeji apone ni msemo mzuri, lakini si kila mgeni. Kisha nikaenda kusimama nyuma ya karani ili nione mwenyewe.

Akaja mama mmoja mwenye tenga la machungwa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba.”

“Jina la kadi?”

Mama yule akatazama pembeni. “Ya Matombo, baba. Kule juu, upande wa misheni.”

“Matombo ni kubwa, mama. Jina.”

“La mzee.”

“Mzee nani?”

“Mzee wa nyumbani.”

Karani akaniangalia kama anayesema, unaona mambo yenyewe. Akaandika Matombo, akabonyeza, na mashine ikaanza kupekua Matombo nzima, jina moja baada ya jingine. Yakaanza kupita kwenye skrini, naye akawa anamsomea mama yule taratibu, mpaka lilipofika mama akainamisha kichwa na kusema, “Huyo.” Nilielewa pale pale. Nililelewa na neno hilo, mzee wa nyumbani.

Kwetu mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba wa mumewe. Halitaji akiwa hai, halitaji akiwa kaburini. Likifanana na jina la kitu, kitu hicho anakitafutia jina jingine. Jina la babu yangu mzaa baba linafanana na jina la mti fulani, na mama maisha yake yote aliuita mti huo “ule wa kuni,” hata mbele ya wageni waliobaki wakishangaa ni mti upi. Tena jina hilo ndilo jina langu la ukoo. Walimu waliniita kwalo shule nzima, lakini mama alipokuja kuniulizia shuleni alisema anamtafuta “mwanangu, yule mrefu.” Mimi nalitaja nipendavyo. Mimi ni mjukuu, na babu ni mtani wangu, hata kumtukana naruhusiwa. Hapa silitaji kwa sababu mama alilinyamazia.

Sasa, kampuni ilipokuwa ikiandikisha wakulima, waandikishaji walikwenda milimani wakauliza mkuu wa kaya ni nani. Wakapewa majina ya wazee wa kiume, maana ndivyo mgeni anavyojibiwa. Walima shamba walikuwa wanawake, wabeba mzigo walikuwa wanawake, lakini ndani ya mashine mlikuwa na wakwe zao. Kadi za karatasi walizopewa zililowa na kuchanika masika ya kwanza tu, na namba zikapotea nazo. Mwanzoni wanawake walitajiana: wewe unanitajia mkwe wangu, mimi nakutajia wako, mambo yanakwenda. Kisha wakatokea watu waliochukua haki za wenzao kwa kutaja majina yasiyo yao, na Bosi akapiga marufuku. Kila mtu ataje mwenyewe. Amri ile ilikuwa ya haki kabisa, na ndiyo iliyoligandisha dirisha la Matombo.

Siku chache baadaye mama mwenyewe akafika dirishani, na iliki yake kwenye mfuko mweupe. Bado nilikuwa nikisimama nyuma ya karani. Mkupuo ulikwisha kuanza, mashine ilikuwa taabani, na majina ya Matombo yalijikokota kwenye skrini. Mama alisimama, goti lake bovu amelilegeza, akitazama nje lilikoegeshwa lori. Dereva akapiga honi. Kwa kawaida mimi si mtu wa subira, na siku hiyo sikujaribu hata kidogo. Nikamwinamia karani nikamtajia majina ya babu yote matatu.

Risiti ikatoka. Mama akanitazama, akatabasamu kidogo, akasema, “Asante mwanangu.” Akakimbilia lori. Nilipogeuka, Bosi alikuwa amesimama mlangoni.

Kesho yake tulikaa watatu ofisini kwake, yeye, mtaalamu na mimi. Nikaeleza nilichokiona. Nikasema makosa hayako kwa karani na hayako kwenye wingi wa watu. Mtu anayetaja jina lake anaigusa mashine kidogo tu. Mwanamke asiyeweza kutaja jina la mkwe anaifanya ipekue Matombo nzima, na akimaliza yeye anakuja mwenzake, inapekua tena. “Mwanamke mmoja kama huyo dirishani,” nikasema, “ana uzito wa mkupuo mzima. Ukipima mashine bila kulihesabu hilo, utakuwa umepima ya watu wa nchi nyingine.”

Mtaalamu alicheka mpaka tai ikatikisika. “Dada, kwenye fomu yangu hakuna mahali pa kuandika mkwe.”

Bosi hakucheka. Alikaa akizungusha pete kidoleni. “Mama yangu hakuwahi kulitaja jina la baba,” akasema. “Mpaka anakufa. Akienda benki alinichukua mimi, mtoto mdogo, nimtajie.”

Sijui niseme nini kuhusu furaha niliyoipata wakati ule. Nilitamani kumkumbatia. Mtaalamu asingeelewa, lakini huyu alielewa bila kufundishwa, na nikaona mambo yamekwisha. Nikasema haraka haraka kwamba dawa ni kuwaandikisha wanawake kwa majina yao wenyewe, na mpaka hapo tununue mashine kubwa.

“Tutawaandikisha,” Bosi akasema. “Ni jambo zuri. Msimu ujao, barabara ikikauka.” Kisha akamgeukia mtaalamu. “Hao wakitoka madirishani, ndogo inatosha?”

Mtaalamu akabonyeza kikokotoo chake. “Inatosha, tena inabaki.”

Ilinichukua muda kuelewa kwamba walikuwa wamemaliza. Nilipoelewa nilipandisha sauti, jambo ambalo hakuna mfanyakazi aliyekuwa akilifanya ofisini mle. “Bosi, hao ndio wanaoleta mzigo!”

“Nani kawakataza kuleta? Walete. Tutaweka kapu. Anayetaja jina, dirishani, papo kwa papo. Asiyetaja, karatasi ya mzani inaingia kapuni, tunaipitisha kwa mkupuo mwisho wa wiki. Si ndivyo unavyoyaita mwenyewe?”

“Umesema mama yako...”

“Mama yangu alikuwa na mimi,” akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali. “Kila mmoja ana mtoto wa kumtajia? Au nikuweke wewe dirishani uwatajie wote? Nilikuona jana, binti. Sikukusema mbele za watu. Lakini kuanzia leo usitoke chumbani kwako kuja ukumbini. Kazi yako ni mashine.”

Nimewahi kumchukia mtu mara chache, na yeye sikuweza kumchukia sawasawa, jambo lililonitesa zaidi. Angekuwa mpumbavu ningepumua. Alijua hasa alichokuwa akiwataka wale wanawake wafanye, akaweka kapu.

Jumapili nikapanda Matombo. Nilimkuta mama akimlisha bibi uji, na nje kwenye kigogo amekaa mlanguzi na mizani yake, akisubiri kwa adabu kubwa, kama mtu aliyekwisha pata habari. Walanguzi hupata habari mapema kuliko wote. Nikamweleza mama habari za kapu. Alisikiliza huku akimfuta bibi kidevu.

“Kwa hiyo hiyo mashine mpya haiwezi kunisubiri?”

“Mashine inaweza, mama. Bosi ndiye hawezi.”

“Na wewe huwezi kuja pale?”

“Nimekatazwa.”

Akatikisa kichwa, si kwa kunilaumu. Bibi akaguna, akataka kugeuzwa, tukamgeuza wote wawili. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia ataje tu, babu amekwisha kufa, mifupa yake haina masikio. Nilikuwa nayo maneno hayo mdomoni njia nzima. Nilipomwona akishika mgongo wa mama yake, nikayameza. Wakati wa kuondoka nilimpita mlanguzi bila kumwamkia, na alikuwa mtu mzima wa kuamkiwa. Mama alinigombeza kwa hilo tu.

Mashine ndogo ikafika, ikafungwa, ikawashwa. Mtaalamu alirudi kutoka Dar kuitazama ikifanya kazi. Nakiri ilikuwa nzuri. Saa nane mkupuo ukaanza, na madirisha hayakuganda. Kapu lilikaa kwenye meza karibu na mzani, na wanawake wa Matombo walilipitia mmoja mmoja, wakitumbukiza karatasi zao na kuondoka bila kelele. Ukumbi ulikuwa mtulivu. Mtaalamu alinionyesha kwa furaha jinsi mzigo wa mashine ulivyo mdogo, akaniambia siku nikitaka kazi Dar nimwone.

Skrini ya mezani kwangu ilionyesha kila kinachoombwa na madirisha, mstari chini ya mstari. Namba za Gairo zilipita, kisha jina la mtu wa Dumila, kisha namba tena. Nilikuwa nikiitazama nusu nusu, nikimsikiliza mtaalamu. Mara ukatokea mstari kutoka dirisha la Matombo. Majina matatu, kamili, yameandikwa sawasawa. La mwisho lilikuwa jina langu la ukoo.

Nikainua macho kwenye kioo. Mama alikuwa amesimama dirishani wima kabisa, mikono pembeni. Wanawake waliokuwa karibu na kapu walikuwa wamegeuka kumtazama. Mmoja alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Karani, ambaye hakujua kilichotokea, aliendelea kuimba, akachana risiti, akampa.

“Umeona hiyo?” mtaalamu akasema nyuma yangu. “Hata hukuwahi kupepesa macho.”

Nikatoka chumbani, nikakatiza ukumbi. Bosi alikuwa pale, akaniona, akageuza uso. Nilimkuta mama nje, risiti na fedha amekwisha zifunga kwenye pindo la kanga. Macho yake yalikuwa makavu. Nikamwamkia, akaitikia.

“Mashine yenu ina kasi,” akasema. “Nitawahi kumgeuza bibi.”

“Mama...”

“Niletee maji, mwanangu.”

Nikadhani ana kiu, kwa jua lile. Nikakimbia nikaleta kikombe cha maji ya mtungini. Akakipokea, akaenda mpaka ukingoni mwa mfereji, akainama. Akasukutua, akatema. Akasukutua tena, akatema, kwa utaratibu, kama anavyomwosha bibi, mpaka maji yakaisha. Hakumeza hata tone. Dereva akapiga honi. Mama akanirudishia kikombe, akapanda lori.